Sahani ya Kichina Kaburini: Je, Utandawazi Utatuletea Utamaduni Mmoja?

Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo ya karne ya 18. Waliojenga makaburi hayo walipachika kwenye nguzo sahani na bakuli za kaure zilizotoka China. Makaburi ya namna hiyo yapo sehemu nyingi za pwani, ingawa mara nyingi sahani zimekwisha kubanduliwa na kilichobaki ni shimo la mviringo kwenye chokaa. Mfinyanzi wa China alitengeneza chombo cha kulia chakula. Kikapita mkono kwa mkono katika bandari za Bahari ya Hindi, kikafika kwetu, na mtu wa Kunduchi akaona kinafaa kupamba kaburi la mkubwa wake. Hakuna Mchina aliyemfundisha hivyo, na kama angekuwepo huenda angeshangaa.

Kitu kilisafiri, maana yake ikaachwa njiani, na maana nyingine ikatungwa pale kilipotua. Ukilishika hilo, nusu ya mjadala wa utandawazi na utamaduni umeshaumaliza. Nusu ya pili ni ngumu zaidi, nayo tutaifikia.

Tangu miaka ya 1960, Marshall McLuhan wa Canada alipoieleza dunia ya redio na televisheni kuwa kijiji kimoja, watu wamebishana iwapo kijiji hicho kitaishia kuwa na mila moja. Wako wanaoogopa. Wanaona vijana wa Mwanza, Lima na Manila wamevaa jezi ileile, wanacheza mitindo ileile mbele ya simu, wanachanganya Kiingereza kilekile, basi wanahitimisha kwamba baada ya kizazi kimoja au viwili hakutabaki mila ya kutofautisha mtu na mtu. Wako pia wanaolisubiri jambo hilo kwa hamu, wakidhani watu wakishafanana wataacha kupigana. Hao wa pili wangepita kwanza mahakama ya mwanzo yoyote wakawaone ndugu wa tumbo moja wanavyogombea shamba la urithi.

Kambi zote mbili zina kosa moja: zinahesabu vitu. Jezi ngapi, migahawa mingapi, filamu ngapi. Lakini anayevaa jezi hajatueleza bado anaishi vipi.

Simu inasema 13:00, mtu anasema saa saba

Mwaka 1884 wajumbe wa mataifa walikutana Washington wakakubaliana kwamba saa za dunia zihesabiwe kuanzia Greenwich, Uingereza. Hakuna jambo la utandawazi lililofanikiwa kuliko hilo. Leo simu ya mkononi ya mtu wa Tanga inajirekebisha yenyewe na kuonyesha 13:00. Muulize mwenye simu ni saa ngapi, naye atakujibu saa saba, bila kusita na bila kuhisi kwamba amepiga hesabu yoyote. Siku yake inaanza jua linapochomoza, wala si katikati ya usiku watu wakiwa wamelala. Aliyetengeneza simu hajui lolote kuhusu hesabu hiyo. Haimo ndani ya kifaa, imo ndani ya anayekisoma. Waethiopia nao huhesabu hivyohivyo.

Mara mojamoja mkorogo hutokea, hasa kwenye makundi ya WhatsApp ya familia yenye watu Muscat, Minneapolis na Morogoro. Mmoja anaandika kikao ni saa 2, na nusu ya ukoo inafika wakati nusu nyingine imelala. Lakini tazama: kifaa kimoja, mtandao mmoja, saa moja ya dunia, na bado kuna mapokeo mawili ya wakati yanayoishi ndani yake bila kugombana.

Kwa hiyo tutenganishe mambo. Kanuni na vyombo vinaweza kuwa vya dunia nzima, na vingi vimeshakuwa: kalenda, kontena la meli, pasipoti, herufi za kibodi, noti za muziki. Maana ambayo watu wanavipa vyombo hivyo ni jambo jingine. Haiendi kwa kasi ya meli wala ya intaneti, kwa sababu mtu haipokei dukani. Anaipata kwa kukua na watu fulani mahali fulani.

Mfano ulio wazi zaidi ni mpira wa miguu. FIFA ina wanachama 211 wakati Umoja wa Mataifa una 193. Sheria za mchezo zinatungwa na bodi moja iliyoanza mwaka 1886, na mchezaji aliyeotea Kigoma ndiye aliyeotea Tokyo. Kama kuna utamaduni mmoja wa dunia, ni huu.

Sasa ingia ndani ya mchezo wenyewe. Glasgow, ushindani wa Celtic na Rangers umebeba mgawanyiko wa Wakatoliki na Waprotestanti. Barcelona na Real Madrid zimebebeshwa kesi ya Catalonia na serikali kuu ya Hispania. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na Watanzania wote wanajua timu hizo zinaitwaje zikitajwa pamoja: watani wa jadi. Utani ulikuwepo kabla ya mpira. Wazaramo na Wanyamwezi, kwa mfano, waliujenga enzi za misafara iliyopita kati ya bara na pwani. Mtani anaweza kukuumbua mbele ya wakwe zako, akakunyang'anya kofia, na kwenye msiba wenu akaja akavaa nguo za marehemu na kuiga alivyokuwa akitembea, wala hakuna wa kumkasirikia. Kinyume chake, asipofika ndipo watu wanauliza kulikoni.

Huo ndio ulioingia Kariakoo ukavaa jezi nyekundu na ya njano. Ndiyo maana shabiki aliyefungwa Jumamosi anajua Jumatatu ofisini atakuta ua la msiba mezani kwake, na ndiyo maana hata aliyemwekea ua hilo atakuwa wa kwanza kumchangia akifiwa kweli. Ongeza na mambo ya timu za ligi kukataa mlango rasmi wa uwanja na kuingilia kwingine kwa sababu wanazozijua wenyewe, hadi zikapigwa faini. Kitabu cha sheria ni kimoja. Kinachochezwa juu yake kila mahali ni historia ya mahali hapo.

Harusi ya Dar

Harusi ya ukumbini ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili kwa karibu, kwa sababu kwa macho ya haraka ni mahali tuliposalimu amri kabisa. Gauni jeupe lilipata umaarufu baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa nalo mwaka 1840. Pete, keki ya ngazi, maua ya mkononi, shampeni, vyote vimetufikia kutoka Ulaya. Mgeni kutoka London akiingia ukumbini Sinza atavitambua vyote, na kwa dakika kumi atajiona yuko kwao.

Baada ya hapo atapotea. Hatajua kwamba harusi hii ilianza miezi mingi nyuma kwa mshenga na mahari, ikafuatiwa na vikao vya kila wiki vyenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ahadi zikisomwa kwa sauti pamoja na majina ya waliochelewa kulipa. Hatajua kwa nini mwalikwa analipia kadi, wala tofauti ya kadi ya singo na ya dabo. Kicheni pati ilishafanyika, sendofu nayo ilishafanyika, na kila moja ilikuwa na kamati yake. Wakati wa zawadi ataona ukoo mzima umejipanga mstari, sare za kitenge, wanakwenda mbele kwa kucheza hatua mbili mbele moja nyuma, na nyimbo hazina haraka hata kidogo.

Kisha inaletwa ndafu. Ni mbuzi mzima aliyebanikwa, kasimamishwa kwenye sinia kama aliye hai, majani mabichi mdomoni. Mila hiyo imetoka Uchagani, lakini sasa utaikuta kwenye harusi za watu wasio na hata shangazi Kilimanjaro. Mshereheshaji anaitangaza kuwa keki ya asili, maharusi wanashika kisu pamoja, wanalishana, kisha wanawapelekea wazazi wa pande zote mbili. Utaratibu wote ni wa keki ya Kizungu na nyama ni ya mbuzi wa Kichaga, na hakuna ukumbini anayeona ajabu.

Gauni la Victoria lilikuwa la watu wawili wanaooana. Hapa limeingizwa ndani ya jambo la watu mia tatu wanaodaiana michango kwa zamu, maisha yao yote. Sisemi ni jambo zuri tupu. Wapo walioanza ndoa na madeni ya ukumbi, na wapo waliokopa kuchangia harusi za wengine wakakosa ada ya mtoto. Ninachosema ni kwamba huu si utamaduni wa Uingereza uliohamia Tanzania, na wala si mila ya mababu iliyohifadhiwa. Umezaliwa hapa, na una umri mdogo kuliko wengi wanaousherehekea.

Biashara haitaki watu wafanane

Hoja ya kawaida ni kwamba makampuni makubwa yanataka sote tuwe wamoja ili yatuuzie kitu kimoja. Ukiisoma historia ya muziki wetu unaona kinyume chake.

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipanda meli Zanzibar wakaenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Kampuni haikuwaita kwa mapenzi ya Kiswahili. Ilikuwa inauza gramafoni, na gramafoni haiwezi kumshawishi mtu wa Mombasa ikiwa santuri zote ni za Kiingereza na Kiarabu cha Misri. Ilihitaji sauti ya kwao. Taarabu yenyewe ilikuwa na mizizi Misri, tangu Sultani Barghash alipompeleka Mohamed Ibrahim kujifunza muziki huko. Siti, binti wa mfinyanzi wa vyungu kutoka Fumba, akaiimba kwa Kiswahili cha mitaa ya Ng'ambo mjini Zanzibar, akiwataja wauaji, mahakimu na wapenzi wasaliti. Mtaji wa Uingereza, studio ya India, muziki wenye asili ya Kiarabu, na matokeo yake ni kitu ambacho hakikuwepo popote isipokuwa Unguja.

Mambo hayajabadilika sana. McDonald's haiuzi nyama ya ng'ombe India. Televisheni za kulipia zimeanzisha chaneli za tamthilia za Kiswahili baada ya kuona watu wanalipia king'amuzi ili wajitazame wenyewe. Faida inarudi makao makuu, hilo kweli, na ndiyo sehemu ya malalamiko iliyo halali. Lakini faida na mila ni madai mawili tofauti, na tukiyachanganya tunashindwa kesi zote mbili.

Tanzania iliwahi kujaribu dawa ya kufunga mlango. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua vikapigwa vita mitaani. Mwishoni mwa mwaka huo muziki wa soul nao ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, Bara ilisubiri hadi 1994.

Kichekesho ni kilichoendelea kupigwa wakati soul ikizuiwa. Bendi za mashirika ya umma na za vyama vya wafanyakazi zilikuwa zinapiga rumba, na hakuna aliyeiona kuwa ya kigeni. Rumba hiyo ilikuja kutoka Kongo, na huko Kongo ilichochewa na santuri za Kikuba zilizouzwa Afrika kuanzia miaka ya 1930. Wakuba nao walikuwa wameijenga kutokana na midundo ya Waafrika, wakiwemo Wakongo, waliopelekwa huko utumwani. Muziki ulivuka Atlantiki mara mbili, ukafika Dar es Salaam ukapewa uraia. Na si kwamba njia hiyo ndefu iliunganisha pande zote kuwa kitu kimoja: UNESCO iliingiza rumba ya Kuba kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2016, na ile ya Kongo kivyake mwaka 2021. Ukisikiliza zote mbili huhitaji kueleza kwa nini.

Mlango ulipofunguliwa miaka ya 1990, hofu ilikuwa vijana watamezwa. Mwanzo walionekana kama wamemezwa kweli. Mwaka 1991 Saleh Jabir alichukua wimbo uliovuma wa rapa Mmarekani Vanilla Ice akaupa maneno ya Kiswahili, mdundo uleule. Lakini kuiga kulidumu muda mfupi mno. Kabla ya muongo kuisha kulikuwa na muziki wenye jina lake, Bongo Fleva, ukizungumzia ajira, Ukimwi na maisha ya Bongo, na Joseph Mbilinyi, aliyejulikana kama Mr. II na baadaye Sugu, akaishia bungeni mwaka 2010 kwa kura za Mbeya Mjini. Kisha kutoka Manzese na Tandale ikaja singeli, midundo zaidi ya 200 kwa dakika, ambayo hata Mtanzania wa mtaa wa pili iliweza kumtoa mbio.

Kwa wale wanaoamini kwamba nguvu ya kutosha itaweza kilichoshindikana, watazame dini. Uislamu una Kibla kimoja, kitabu kimoja, hija moja, na umekuwa pwani hii zaidi ya miaka elfu. Hakuna kampuni yenye muda wala imani ya namna hiyo. Hata hivyo Maulidi ya Lamu yana mashindano ya punda, goma na matari ambayo Mwislamu wa Jakarta hayajui, na yeye ana yake ambayo Lamu haijui. Sala zao ni zilezile.

Mahali palipo na utamaduni mmoja kweli

Upo utamaduni mmoja wa dunia, na mimi sina mzaha nikisema ni wa warsha. Mwezeshaji anaomba kila mtu ajitambulishe na ataje matarajio yake. Karatasi kubwa zinabandikwa ukutani, watu wanagawanywa vikundi, kuna mapumziko ya chai, kisha mrejesho, kisha fomu ya tathmini, kisha posho. Dodoma, Kathmandu au La Paz, hakuna kitakachokupita. Ongeza viwanja vya ndege, hoteli za mikutano na barua pepe zinazoanza kwa kutumaini uko salama. Watu wa tabaka hilo, popote walipo, wanaelewana kuliko wanavyoelewana na walinzi wa mageti yao.

Ni tabaka dogo, lakini ndilo linaloandika sera. Basi linapoulizwa kama dunia inakuwa moja, linajitazama na kujibu ndiyo.

Hofu iliyo mahali pake

Kama maana hazifi kirahisi, je, hakuna cha kuogopa? Kipo. Swali lenye uzito ni nani anayemiliki mifereji ambamo tamaduni zinapita, na nani analipwa. Mwaka 2005 UNESCO ilipitisha mkataba wa kulinda utofauti wa kazi za kitamaduni, ukitambua haki ya nchi kusaidia filamu, muziki na vitabu vyao. Kura 148 ziliunga mkono, mbili zilipinga: Marekani na Israel. Si ajabu kwamba Marekani, mwuzaji mkubwa wa filamu duniani, ndiye hakuona haja ya kinga. Lakini mkataba ule uliandikwa kabla ya simu janja kuenea. Leo kinachoamua kijana wa Tandale asikike au asisikike ni hesabu za siri za programu ya simu iliyotengenezwa nchi nyingine. Singeli ilifika kwenye matamasha ya Ulaya kwa msaada wa lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, watu waliokwenda kuisikiliza mtaani. Hesabu za programu hazikuitafuta.

Na kuna hofu moja ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili hatupendi kuisema. Tunalalamika kwamba Kiingereza kinatumeza, huku tukisherehekea kila Julai 7 siku ambayo UNESCO iliipa lugha yetu mwaka 2021, na tunayo haki ya kusherehekea. Lakini Tanzania ina lugha zaidi ya 120. Tangu 1967 shule za msingi za umma zimefundisha kwa Kiswahili, redio ikafuata hivyo, mahakama za chini, mikutano ya hadhara, na mahubiri. Tulipata taifa linaloelewana, jambo ambalo majirani wengi wanatuonea wivu. Gharama yake ililipwa na wengine.

Bibi wa Kisarawe anayetaka mjukuu wake azungumze Kizaramo hashindani na Hollywood wala na Kiingereza. Mjukuu hajui filamu hizo zinasema nini bila mtu wa kumtafsiria. Bibi anashindana na mwalimu, na mtangazaji, na kondakta wa daladala, na mwenyekiti wa mtaa, na makala haya.